Leso Zilizopangusa Mguu wa Theodosia

Black Rock, Buffalo
6 Mei 2024

Mdogo wangu Theodosia,

Nakusalimu katika jina lake Yeye aliyetuvusha mto Malagarasi tukiwa watoto na kutufikisha ng'ambo tukiwa wazima.

Sikupigii simu kwa jambo hili. Simu yako huwekwa sauti kubwa mezani, na wageni hujibu kabla yako. Barua utaifungua mwenyewe, na ninaomba uisome ukiwa peke yako, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya kutia kinyaa.

Unamkumbuka Jovini, mwenye sauti nzito, tunayesali naye kanisani Kensington-Bailey. Amekatwa vidole vya mguu wa kushoto, na kipande cha wayo kimekwenda navyo. Ana sukari, kama wewe, kama mimi. Tangu Noeli benchi lake lilikuwa na harufu. Sitaipamba: ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Na sisi, watu wa sala, tulifanya nini? Mama mmoja alifungua dirisha katikati ya theluji. Mwingine alileta marashi ya kopo akapuliza mapazia. Kwaya ilihama upande wa pili, ikasema sauti husikika vizuri zaidi kutoka kule. Hakuna aliyemwuliza Jovini neno, maana tuliona ni utovu wa adabu kumwambia mzee kwamba ananuka.

Kisha ikaja Jumapili ya kuoshana miguu, kabla ya kuikaribia meza ya Bwana. Jovini aliketi, akavua kiatu, akaacha soksi. Soksi ilikuwa na doa lenye rangi ya chai. Ndugu aliyepewa kumwosha alimwaga maji juu ya soksi ile ile, akatangaza kwamba soksi haizuii baraka. Sote tukasema amina. Nami niliisema amina ile.

Baada ya hayo nilikwenda kliniki. Daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, nami nilipaswa kusema ninapoguswa. Sehemu nyingine nilinyamaza, nikidhani amepumzika. Hakuwa amepumzika. Aliniambia sukari inaua mishipa ya fahamu ya miguu polepole. Kwanza huwaka moto, halafu hunyamaza, na mguu ulionyamaza unaweza kukanyaga msumari na kuubeba mpaka uoze. Tangu siku hiyo mke wangu Florida hunikagua kwa tochi kila nikitoka kuoga, katikati ya vidole na chini ya kisigino, huku akininung'unikia kwamba hakuolewa ili atazame kucha za mzee.

Nilimkumbuka mama. Kule kambini tulipokuwa watoto, hakuna aliyelala kabla mama hajatugeuza nyayo kwa mwanga wa kibatari kutafuta funza, pini mkononi. Tulilia, naye hakujali. Tumefika Marekani, tumetandika zulia, tumenunua viatu vya kung'aa vya kanisani, na hakuna tena anayemgeuza mwenzake unyayo.

Itazame miguu yako. Uniandikie ulichokiona, kama kilivyo.

Kaka yako,
Salvatori

*

Louisville
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Kaka Salvatori,

Shikamoo. Barua yako niliifungua nikiwa nakula, nikasukuma sahani. Miaka yote umeniandikia habari za manabii, na leo umenishukia na soksi ya Jovini. Mwambie Florida pole. Mimi nisingeshika tochi hiyo hata kwa malipo.

Sasa sikia habari njema, upunguze kununa. Unajua nilivyoteseka. Miaka miwili miguu iliniwaka kama imepakwa pilipili. Shuka likinigusa nalia. Mwanangu Irakoze aliporudi kutoka kazini alfajiri alinikuta nimeketi kitandani nikiipepea miguu kwa gazeti kama mtu anayewasha mkaa. Dawa nilikunywa, na moto ulibaki pale pale.

Wakati wa Pasaka akina mama wa hapa walinichukua kwa gari mpaka Columbus, kwenye nyumba ya maombi ya Mtume Murhula, Mkongo wa Bukavu. Ni kijana bado, lakini akiomba, kuta zinasikia. Aliniambia nivue viatu, kwa kuwa mahali pale ni patakatifu, na nisivivae tena nyumbani mwangu wala katika maombi. Nilivua. Kaka, ndani ya wiki chache moto ulizimika. Sasa sisikii kuwaka, sisikii kuchoma, sisikii baridi ya sakafu. Mguu umetulia kama mtoto aliyeshiba.

Nilisimama nikashuhudia, wakapiga makofi mpaka nikaona haya. Mtume amenipa kuwaongoza akina mama katika Mwendo wa Horebu, mlima ambako Musa alivua viatu, mwezi wa saba: tutazunguka nyumba ya maombi miguu mitupu juu ya lami, tukiimba. Watakuja wenye sukari kutoka miji mingi. Mimi, niliyekuwa nafua mashuka ya hoteli, nitakuwa mbele.

Uliniomba niseme kilichopo. Chini ya kidole gumba kuna sugu ndogo, na soksi huwa na unyevu kidogo jioni. Haiumi. Wala usianze kunihubiria daktari. Mtume alitufundisha juu ya mfalme Asa, aliyeugua miguu akawakimbilia waganga badala ya Bwana, akafa.

Nawe uponywe.
Mdogo wako,
Theodosia

*

Black Rock, Buffalo
27 Mei 2024

Mdogo wangu Theodosia,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika mahali pa mtoto aliyeshiba niliketi.

Sitakupamba kwa maneno ya upole, kwa sababu upole ndio uliomla vidole Jovini. Unachokiita uponyaji, daktari wangu alinieleza kwa jina jingine. Moto haukuzimwa, Theodosia. Kilichozimika ni kile kinachousikia moto. Kama sisikii mwizi anavunja mlango, si kwamba mwizi ameondoka; mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Na mguu mzima hautoi maji jioni.

Makofi yale yananitia kichefuchefu. Najaribu kuwaona waamini wamesimama kwa furaha wakimshangilia mwanamke kwa sababu nyama yake imekufa akiwa bado anatembea. Wenye sukari wanawakusanya kutoka miji mingi ili nao watamani kufa kwa namna hiyo. Nimetafuta neno la adabu la kulitaja jambo hili na sikulipata.

Fanya hivi. Fumba macho. Irakoze akuguse nyayo kwa njiti ya ufagio, hapa na pale, bila kukuambia lini. Useme anapokugusa. Halafu aiangalie hiyo sugu, aibonyeze, aone kinachotoka. Nenda hospitali wiki hii, na usikanyage lami ile.

Simkatai Mungu anayeponya. Nimemwona akiponya. Lakini aliyetuumbia maumivu ni Yeye yule, na alituumbia pia pua.

Kaka yako,
Salvatori

*

Louisville
20 Juni 2024

Kaka,

Irakoze amenigusa kwa njiti kama ulivyoagiza. Nimesikia kila mahali. Basi.

Hospitali sina haja. Umenifananisha na mlango uliovunjwa, mbele ya mwanangu, maana yeye ndiye aliyenisomea mwandiko wako wa kuku. Tangu tulipokuwa watoto wewe ndiwe uliyesoma, wewe ndiwe uliyeulizwa, na mimi nilibeba maji. Mara moja Mungu amepita upande wangu, na wewe unaleta njiti ya ufagio.

Usiniandikie mpaka Mwendo upite.

Theodosia

*

Black Rock, Buffalo
28 Juni 2024

Kwa Mtume Gaël Murhula, Columbus

Ndugu katika imani,

Hunijui. Mimi ni Salvatori, kaka wa Theodosia wa Louisville. Nilifundisha chuo cha Maandiko kambini, na sasa ni mzee wa kanisa asiye na kazi zaidi ya kusali na kutunza miguu yake.

Naambiwa unawafundisha wagonjwa wa sukari kuvua viatu, kwa mfano wa Musa. Tusome pamoja. Musa alivua, akasimama mahali pamoja, akasikiliza. Hakuambiwa azunguke mlima juu ya mawe yaliyochomwa na jua. Na wale aliowaongoza baadaye, katika miaka yote ya jangwani, Bwana alivitunza viatu vyao visichakae. Kama viatu vingekuwa uchafu mbele zake, asingevitunza.

Naambiwa pia umewatisha kwa habari ya Asa. Rudi nyuma aya chache. Kabla miguu yake haijaugua, alijiwa na mwonaji aliyemwambia ukweli, naye akakasirika, akamtia kifungoni. Hatia yake haikuwa kumwona mganga. Alikataa kuambiwa, na hata katika ugonjwa wake hakurudi kwa Bwana. Nakusihi usinifunge mimi.

Dada yangu hasikii miguuni. Sukari imeua fahamu zake. Hiyo ndiyo siri ya utulivu wake, na kila daktari ataithibitisha kwa uzi mmoja. Ukimpeleka juu ya lami mwezi wa saba, ataungua bila kujua. Mwondoe mbele ya msafara. Waambie wote wavae viatu vyao, na kabla ya kuvivaa waingize mkono ndani watafute kokoto.

Naandika kwa heshima. Heshima hiyo isikufiche kwamba ninachukizwa.

Salvatori

*

Columbus
22 Julai 2024

Mzee wetu Salvatori,

Nakusalimia sana, na nakuomba msamaha kwa kuchelewa. Tulikuwa katika matayarisho ya Mwendo. Bon, vema, sasa umepita, nami nakuandikia kwa furaha, si kwa ugomvi. Wewe ni baba kwangu.

Nilisoma maneno yako juu ya Asa. Ni elimu kubwa, sikatai. Lakini donc, yaani, Mzee, ungekuwa hapa Jumamosi, ungeiweka kalamu chini.

Jua lilikuwa kali sana. Lami ilikuwa laini, ukiweka kidole kinaacha alama. Vijana walirukaruka kama samaki. Mimi mwenyewe, nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mzee, niliwaka. Nilianza vizuri, halafu nikaenda kukanyaga nyasi za pembeni, na mpaka leo nina malengelenge, natembea kama bata. Nililia usiku kwa kuwa imani yangu ni ndogo. Mama Theodosia hakukanyaga nyasi. Alitembea katikati ya lami, taratibu, kichwa juu, akiimba, mpaka mwisho. Hakukunja uso. Watu walilia kwa kumtazama.

Alipoketi, nyayo zake zilikuwa zinalowa. Wengine walisema ngozi imebaki kule nyuma. Akina mama wakakimbia na leso zao, wakampangusa, kila mmoja akaikunja leso yake kwenda nayo nyumbani kwa wagonjwa wake, kama walivyofanya wale wa zamani kwa nguo za mitume. Mama Adolphine ameiweka yake ndani ya Kitabu.

Niambie, Mzee: kama yule hana neema, mbona mimi niliyeomba na kufunga niliungua, naye hakuungua?

Mwanao,
Gaël Murhula

*

Louisville
1 Agosti 2024

Mjomba Salvatori,

Shikamoo. Nisamehe kwa Kiswahili changu, nazungumza zaidi kuliko ninavyoandika. Mama amenikataza nisikupigie. Hajasema nisiandike.

Mjomba, ile siku ya njiti ya ufagio mama alikudanganya. Alifumba macho akasema "nasikia, hapo, na hapo", na njiti ilikuwa mkononi mwangu bado, sijamgusa. Nilipomgusa kweli, alinyamaza. Nilimwambia. Akaniambia nikikuandikia hivyo nimemvua nguo mbele ya kaka yake.

Tangu arudi kutoka Columbus hatoki chumbani. Ameweka taulo chini ya mlango. Anapuliza marashi, anachemsha majani ya mchaichai, lakini haisaidii, harufu inachanganyika tu na ile nyingine, inakuwa mbaya zaidi. Nikitoka shifti ya usiku ghalani nafika nyumbani, naisikia kutoka kwenye ngazi. Jirani ameuliza kama kuna mnyama amekufa ndani ya ukuta. Nilisema ndiyo. Mjomba, nilisema ndiyo.

Nimeona inzi kwenye dirisha lake, kwa ndani. Nikisema hospitali anasema mwezi huu wanakwenda kumpaka mafuta awe Mama wa Horebu, na kwamba akienda kwa daktari sasa, wale wote waliochukua leso watapoteza imani kwa ajili yake. Juzi alitetemeka homa.

Mimi ni mtoto wake, hawezi kuniacha nimwone. Wewe ni mkubwa wake. Njoo.

Irakoze

*

Louisville
9 Agosti 2024

Mke wangu Florida,

Nilifika salama. Basi lilisimama Columbus kwa kitambo, na sikushuka. Sikutaka kuikanyaga lami ya mji huo.

Irakoze alinipokea kituoni. Mlangoni kwao aliniuliza kama nimekula. Nilisema bado. Akasema ni vizuri.

Nitakueleza yote, kwa sababu wewe umezishika nyayo zangu na huna haja ya kufunikiwa neno. Theodosia alikuwa amelala na blanketi mpaka kidevuni, katika joto hili. Alikuwa amejipaka poda usoni ili asionekane mgonjwa. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari zako, akaulizia bei ya nyumba za kitongoji cha Cheektowaga, kana kwamba nimepita kunywa chai. Nami nilijibu. Tuliongea juu ya nyumba, Florida, tukiwa tumezungukwa na harufu ambayo ningeweza kuishika kwa mkono. Kisha nikajiona nimekuwa kusanyiko letu lote kwa mtu mmoja. Nikashika ncha ya blanketi.

Akasema, "Usiangalie, kaka."

Nikamwambia, "Mama angeangalia."

Aliachia. Kulikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake soksi, ndani yake soksi nyingine, na ya mwisho haikutaka kutoka kwa sababu ilikuwa imekuwa sehemu ya mguu. Niliilowanisha kwa maji. Unyayo haukuwa na ngozi. Penye ile sugu palikuwa na shimo, na vidole viwili vilikuwa vyeusi na vikavu kama tende. Ndani ya shimo mlikuwa na mwendo. Nilidhani macho yangu yanacheza. Hayakuwa yanacheza.

Mimi niliyewazika wa kipindupindu kambini, nilikwenda jikoni nikatapika kwenye sinki. Nilipomaliza nikaisafisha sinki, nikajaza beseni, nikarudi.

Miaka mingi nimeosha miguu ya ndugu kanisani. Huwa tunaimba, huwa tunatazama juu, na huwa tunagusa kwa ncha za vidole miguu ambayo mwenyewe ameiosha nyumbani kwa sabuni ya manukato. Huo ni mchezo wa kuigiza. Hapa nilitazama chini. Nilikuwa na kinyaa tangu mwanzo hadi mwisho, na sikumwomba Mungu akiondoe, kwa maana ndicho kilichokuwa kinaniambia ukweli.

Nilimwuliza kama anasikia. Akasema hasikii kitu, akatabasamu, akasema ndiyo neema. Ndipo nilipotoa buu mmoja kwa pembe ya kitambaa, nikamweka mbele ya macho yake. Alimtazama kwa muda. Akaniuliza, kwa sauti ile ya utotoni, "Huyu amekuwa akila wapi?"

Nikasema, "Kwako."

Kisha akajivuta, akaketi, akamwita Irakoze, akamwambia alete nguo ya kutokea na apige simu. Akaongeza kwamba nguo iwe ile ya buluu, kwa sababu haendi hospitali kama mtu aliyeokotwa.

Wamemkata chini ya goti jana. Walisema wiki chache kabla ingekuwa vidole tu. Mguu wa pili waliugusa kwa uzi. Nao unasikia kidogo sana, lakini ni mzima. Ule tutaupigania.

Alipoamka aliuliza kitu kimoja: leso ziko wapi. Sikuelewa. Akasema, "Zile leso walizonipangusia. Ziko kwenye nyumba za wagonjwa." Tangu hapo hataki kula.

Nitabaki mpaka ale. Wewe jikague miguu, na umkague Jovini ule mguu uliobaki. Mwambie mimi nimesema.

Mumeo,
Salvatori

*

Louisville
4 Novemba 2024

Kaka Salvatori,

Shikamoo. Jeraha limefunga. Irakoze hunigeuza unyayo uliobaki kila siku kabla hajakwenda kazini, kwa tochi ya simu, na hunikaripia kama mama. Nimempa na pini ya mapambo, kwa mzaha. Hakuelewa, nikamsimulia habari ya funza. Alisema huo ni unyama. Kisha akainua tena mguu akaangalia upya.

Nimetoka Columbus. Sikukuambia kabla kwa kuwa ungenikataza, au ungekuja na Maandiko yako yote, na mimi nilitaka kwenda na mguu wangu tu, yaani na ule usiokuwapo.

Nyumba ilijaa. Walikuwa wameambiwa nilipata ajali. Mtume alikuja kunisukuma kiti cha magurudumu mpaka mbele, akapiga goti, akanishika mkono, akaniita Mama. Mkono wake ulikuwa baridi. Ni kijana, kaka. Aliponitazama niliona anajua, na anaomba nisiseme.

Nilikunja gauni, nikafungua bandeji. Niliwaonyesha kisiki. Nikawaambia haikuwa ajali. Nikawaambia siku ile ya lami sikuwa na imani kuliko wao. Nilikuwa na ganzi kuliko wao, na yule aliyelia kwa kuungua ndiye Mungu aliyekuwa anamlinda. Nikawasimulia shimo na kilichokuwa ndani yake, kwa jina lake. Wanawake wawili walitoka kwenda kutapika. Niliwaambia warudi wakimaliza, maana nami nina kaka aliyetapika akarudi.

Mtume alisogea kwenye maikrofoni, akasema kwa upole kwamba Mama amechoka, tumwombee. Nikamwambia, "Asa alimfunga mwonaji kwanza, ndipo akaugua miguu. Wewe, mwanangu, unataka kuanza na lipi?" Aliketi. Viatu hakuvua, lakini maikrofoni hakuizima.

Ndipo nilipowaambia waketi chini wote, wavue viatu na soksi, kila mmoja apakate miguu ya mwenzake kama mama anayetafuta funza. Mwanzoni walicheka kwa aibu. Wazee wetu Warundi walianza, kwa kuwa wao wanakumbuka. Kisha Wakongo. Harufu ilipanda, kaka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyefungua dirisha. Emérence, yule mnene mwenye kucheka kila wakati, alikutwa na pini ya ubao wa matangazo ndani ya kisigino, imezama mpaka kichwa. Hakujua ni ya lini. Alikuwa amekuja nayo kwa miguu kutoka kituo cha basi, akiimba. Walipoichomoa hakucheka, aliinamisha kichwa akaomba apelekwe kwa daktari. Mwanawe alimpeleka.

Watu walipokuwa wanavaa viatu, huku wakiingiza mikono ndani kama ulivyomwandikia Mtume, alinijia Adolphine. Alitoa leso katikati ya kurasa za Kitabu chake. Ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu kama ganda, na kurasa za pande zote mbili zilikuwa na doa lenye rangi ya chai. Alikuwa ameiweka juu ya kifua cha mumewe kila alipoumwa.

Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo haikuwa baraka. Ilikuwa usaha wangu."

Akasema, "Najua, Mama. Nilijua siku ile ile. Niliinusa nikiwa bado nimepiga magoti mbele yako."

Nikamwuliza, "Na ukasema nini?"

Akasema, "Nilisema amina."

Mdogo wako,
Theodosia